Super 8 au HD: Bagamoyo inapendezea wapi?

Ukikaa na vijana wanaopiga video za harusi na ngoma Bagamoyo, hukosi mmoja wa kusema HD haina roho, na kwamba picha ni ile ya Super 8, mkanda mwembamba wa filamu wa milimita 8; HD ni video ya kidijitali. Mwenzake atamjibu kuwa huo ni ugonjwa wa kupenda vya kale. Wote wana hoja, ila wanabishania hisia kabla ya kuangalia picha yenyewe inapatikanaje.

Super 8, iliyoletwa na kampuni ya Kodak mwaka 1965, ina fremu (picha moja moja kwenye mkanda) ya milimita 5.8 kwa 4 hivi. Kucha ya kidole cha mwisho inaifunika. Ukuta mzima wa Boma la Kale unabanwa humo, kisha unakuzwa hadi ujae skrini, na chembechembe za mkanda zinakuzwa pamoja nao. Chembechembe hizo hazijirudii mahali pale pale fremu kwa fremu, ndiyo maana hata ukuta uliotulia unaonekana kama unapumua. HD ina pikseli, yaani nukta za picha, 1,920 kwa 1,080, na kila moja imeganda mahali pake. Usafi huo ndio unaosifiwa, na ndio huo huo unaomkera mpenzi wa mkanda.

Tofauti kubwa zaidi huonekana saa saba mchana, jua likipiga kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Video ikizidiwa na mwanga, ukuta unakuwa mweupe tupu, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaourudisha. Mkanda wa negativu, ambao picha yake iko kinyume (penye mwanga giza) hadi igeuzwe, huzidiwa taratibu, ukabakiza nyufa na vivuli. Hapo mkanda unashinda. Lakini nasema negativu. Ule wa pozitivu, unaowekwa moja kwa moja kwenye projekta, hausamehe mwanga ukizidi hata kidogo. Na kamera za kisasa za kidijitali zimelipunguza sana pengo hilo, simu ya bei nafuu bado.

Wanaotamani “rangi za zamani” wakumbuke pia ngozi. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Matokeo yake, mtu mweusi aliyesimama kivulini aliishia kuwa macho na meno. Mikanda ya sasa imerekebishwa, ila fremu ndogo kwenye mwanga hafifu bado inazamisha uso ndani ya chembechembe. Urembo wa namna hiyo siuoni.

Kwenye ngoma ndiyo kabisa. Kaseti moja ya Super 8 ina mita 15 za mkanda: dakika 3 na sekunde 20 kwa fremu 18 kwa sekunde, au dakika mbili na nusu kwa fremu 24. Ngoma haijachanganya, mkanda umekwisha! Na sauti hakuna, maana kaseti za kurekodi sauti zilizoanza mwaka 1973 ziliacha kutengenezwa 1997. Anayetaka kujifunza miguu ya mchezaji na mkono wa mpigaji achukue HD bila kujiuliza.

Halafu kuna WhatsApp. Programu hizi hubana video ili iwe nyepesi, na kinachotangulia kuliwa ni vitu vidogo vinavyobadilika kila fremu, yaani chembechembe zenyewe. Umelipia mkanda, umelipia kuusafisha na kuuskani, na mtazamaji anaona ukungu. Wanaobandika mikwaruzo ya bandia juu ya HD sitawazungumzia sana. Mkanda uliotunzwa vizuri hauna hata mikwaruzo hiyo.

Mimi nikipewa kaseti moja, naipeleka ufukweni asubuhi jua linapotoka baharini, majahazi yakiwa meusi mbele ya anga. Pale negativu inafaidi, na hakuna uso wa kupotea. Harusi ya mtu siigusi na Super 8. Mama wa bibi harusi atataka kumwona shangazi aliyekaa nyuma kabisa ukumbini, na vigelegele avisikie.