Bendi za Thrashi Zisizovuma: Kosa ni la Wakati au ni Lao?

Wapenzi wa thrashi, aina ya muziki wa metali wenye kasi kubwa, wana lalamiko la siku nyingi: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax zimehodhi sifa zote, ilhali Coroner ya Uswisi, Artillery ya Denmark na Heathen ya California, ambazo wapiga gitaa wake hawakuwa na cha kuwaonea gere wakubwa hao, zimebaki kuwa siri ya wachache waliobobea. Lalamiko hilo lina ukweli, ila linachanganya ufundi wa kupiga ala na uwezo wa kukumbukwa.

Anayezitetea bendi hizi ataanza na wakati, na hapo hoja yake ni nzito. Exodus, bendi nyingine ya thrashi ya California, iliundwa mwaka 1979, kabla ya Metallica, na ni kutoka kwake ambako Metallica ilimchukua mpiga gitaa Kirk Hammett mwaka 1983. Albamu yake ya kwanza ilirekodiwa mwaka 1984 lakini ikatoka mwaka 1985, na katika muziki ambao kanda zilipita mkono kwa mkono na daima alikuwapo mtu wa kupiga kwa kasi zaidi, kuchelewa huko kulitosha kumfanya mtangulizi aonekane mfuasi. Waliofuata walikuta hali ngumu zaidi. Heathen na Forbidden zilitoa albamu zao za kwanza mwaka 1987 na 1988, na kabla hazijakita mizizi, Nirvana, bendi ya roki ya mtindo mwingine, ikavuma mwaka 1991 na kampuni za kurekodi zikageukia kwingine. Death Angel nayo ilipata ajali ya basi mwaka 1990, mpiga ngoma wake akaumia vibaya, na muda mfupi baadaye bendi ikavunjika. Kipaji hakizuii ajali.

Hata hivyo, upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Ufundi unaosifiwa katika thrashi ni kasi na usahihi wa mkono, na hayo huyatambua zaidi mpiga gitaa mwenzao. Msikilizaji wa kawaida, akisikia albamu tatu za namna hiyo mfululizo, huziona kama wimbo mmoja mrefu. Slayer hutambulika kwa sekunde chache. Sepultura nayo ilitoka Belo Horizonte, Brazili, mbali na vitovu vya biashara hiyo, ikapenya kwa albamu ya mwaka 1989, kisha ikajitofautisha kabisa ilipoingiza midundo ya kwao katika miaka ya 1990.

Kinachonizuia kuegemea upande huo moja kwa moja ni Coroner. Wanamuziki wake, ambao awali walikuwa wabeba vyombo wa Celtic Frost, bendi ya metali ya Uswisi, walikuwa na sauti isiyofanana na ya mtu yeyote, lakini albamu yao ya mwaka 1993 ilikuta soko la thrashi limeshazama. Kwa kizazi hicho, basi, naona wakati ulikuwa na uzito zaidi.

Kwa bendi za leo hukumu yangu inageuka. Kurekodi kumekuwa rahisi na intaneti imefungua mlango, ingawa waliopita humo ni umati. Nyingi kati yao huiga sauti ya mwaka 1986 kwa uaminifu wa kushangaza, hadi michoro ya jalada. Anayeitaka sauti hiyo anaweza kuzisikiliza albamu zenyewe za mwaka 1986 kwa kubofya mara moja, na hivyo bendi changa inajikuta ikishindana na Slayer ya ujanani.