Ukimya wa mlokole kwenye Rozari si dharau kwa Maria

"Walokole hawampendi Mama Maria." Kauli hii husikika sana misibani. Jumuiya ya Wakatoliki inafika jioni, iwe Kimara au Mbagala hapa Dar es Salaam, watu wanakaa chini ya turubai na Rozari inaanza. Ndugu walokole wanaitikia Baba Yetu kwa sauti, ila ikifika Salamu Maria wananyamaza, vichwa wameinamisha. Wafiwa wanaona, na wengine wanaumia kweli. Mimi ni mmoja wa hao wanaonyamaza, na naona ukimya wetu unasomwa vibaya.

Tuanze na tusichokipinga. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni Luka sura ya 1: salamu ya malaika Gabrieli na maneno ya Elisabeti. Hata kumwita "Mama wa Mungu" hakupaswi kutugombanisha. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431 uliitetea sifa hiyo ili kulinda Uungu wa Yesu, na Luther mwenyewe hakuiacha. Maria alisema vizazi vyote vitamwita mbarikiwa. Mlokole asiyeweza kumwita hivyo ana ugomvi na Biblia yake.

Shida yetu ni neno moja tu la nusu ya pili: utuombee.

Mkatoliki hujibu kwa haki kabisa: wewe unamwomba jirani akuombee, mbona mimi nisimwombe aliye hai mbele za Kristo? Huongeza Ufunuo 5:8, ambapo wazee wameshika vitasa vya manukato, nayo ni maombi ya watakatifu. Hoja ni nzito, na anayemjibu kwa "mnaabudu sanamu" hajasikiliza alichoambiwa.

Lakini fungua Matendo 12. Herode amekwisha kumuua Yakobo kwa upanga. Petro yuko gerezani, zamu yake inakaribia. Kama kuna siku kanisa lingemwita mtume aliyetangulia mbinguni, shahidi ambaye damu yake haijakauka, ndiyo siku hiyo. Luka anaandika kwamba kanisa "likamwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili yake". Paulo naye aliwasihi Wathesalonike wamwombee, watu aliowajua na kuwaandikia. Stefano, aliyekufa mbele ya macho yake, hamwombi kitu katika barua yoyote. Mitume walitufundisha kuombeana. Kuzungumza na waliolala, hawakutufundisha.

Halafu kuna hesabu ambayo hainitoki akilini. Rozari ya makumi matano ina Salamu Maria 53 na Baba Yetu 6. Najua maelezo yake. Papa Yohane Paulo II, alipoongeza matendo ya mwanga (matendo ni matukio yanayotafakariwa katika Rozari) mwaka 2002, alisisitiza kwamba Rozari ni kutafakari maisha ya Kristo pamoja na Maria, na kwamba Salamu Maria zinaibeba tafakari hiyo. Kwa katekista aliyefundishwa vizuri nakubali. Ila mfikirie mtoto wa miaka saba kwenye mkeka wa jumuiya mwezi wa Oktoba. Tendo linatajwa mara moja, upesi, kisha mdomo wake unamwita Maria mara kumi. Kabla hajajua kusoma Waebrania, atakuwa ameshazoea kumkimbilia nani kwanza akiogopa usiku?

Akikua anaambiwa, kwa nia njema ya kumfariji, kwamba Mwana hawezi kumkatalia Mama yake. Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka. Yesu anageuka kuwa kama bosi ambaye ukitaka barua yako isainiwe lazima upitie kwa ndugu yake. Huyu ndiye aliyewagusa wenye ukoma na kuwakumbatia watoto! "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri," yasema Waebrania 4:16, na sababu imetangulia katika aya ya 15: tunaye kuhani mkuu anayechukuana nasi katika udhaifu wetu. Mama ntilie aliyefiwa na mwanawe hahitaji mwenye huruma kuliko huyo.

Wasiwasi huu si wa walokole peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1964 kwamba nafasi ya Maria haipunguzi wala haiongezi kitu kwa Kristo aliye Mpatanishi mmoja. Novemba 2025 Vatikano ilitoa waraka unaosema haifai kumwita Maria Mkombozi Mwenza. Roma isingeandika hivyo kama hakuna waumini wanaovuka mpaka. Jirani yangu Mkatoliki anaweza kusema kuvuka kwao si fundisho, na hapo ana haki.

Ila sisi nasi tuna la kujibu, na ni zito kuliko tunavyopenda. "Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja," 1 Timotheo 2:5, ndiyo aya yetu ya kwanza dhidi ya Rozari. Nenda sasa kwenye baadhi ya makanisa ya mabati ya jiji hili siku ya maombezi. Watu wamejipanga tangu alfajiri wamwone mtumishi ana kwa ana, wanauziwa mafuta ya upako, wanaambiwa bila mkono wake kifungo hakikatiki. Maria angalau aliwaambia watumishi wa Kana wafanye lolote atakalowaambia Yesu, na hakumtoza mtu hata senti. Jirani Mkatoliki akimuuliza mchungaji huyo ile aya imeishia wapi, sioni jibu atakalompa.