Mwamba-ngoma na nafasi yake Nairobi

Kila Oktoba Nairobi hugeuka zambarau, na sifa zote huuendea mjakaranda, mti uliotoka Amerika Kusini. Wapo wanaotaka mijakaranda mizee inapokatwa nafasi zake zipewe miti ya asili, ukiwemo mwamba-ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti na Wakamba muvuti. Naiunga mkono hoja hiyo, ila si kwa kila barabara.

Mwamba-ngoma ni mti mfupi wa jamii ya kunde, wenye miiba na gome nene la kizibo lililojaa nyufa. Kiangazi hupukutisha majani yote, kisha kwenye ncha za matawi matupu huchomoza mashada mekundu yaliyosimama wima. Ukilichuma ua moja utaliona jembamba, limekunjwa kama kisu kilicho alani. Ndege mdogo aitwaye chozi hufuata nekta yake na kuondoka na chavua kichwani, huku mizizi ikiurutubisha udongo kwa naitrojeni. Tena una jina kwetu, na mti wenye jina hupata watetezi: mwaka 2020 mugumo, yaani mtini mkubwa, wa barabara ya Waiyaki Way hapa Nairobi ulinusurika shoka la ujenzi wa barabara ya juu kwa sababu watu waliujua na kuupazia sauti.

Wanaoupinga, hata hivyo, hawasemi ovyo. Mjakaranda nao hupukutika, lakini mwavuli wake ni mpana zaidi, na anayengoja matatu juani anahitaji kivuli kuliko historia. Mbegu za mwamba-ngoma, nyekundu zenye baka jeusi, huwavutia watoto wanaotunga shanga, nazo zina sumu. Hoja hii ya sumu naiona nzito penye watoto wadogo tu, maana mbarika huota kando ya mito yetu na mbegu zake ni za hatari vilevile. Linalonitia wasiwasi zaidi ni gome: hutumika kama dawa, na mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, jambo ambalo ni rahisi kutokea penye msongamano wa watu.

Kwa hiyo nisingeupanda kwenye njia nyembamba za waendao kwa miguu wala steji. Ningeupanda kingoni mwa Mto Nairobi na katika bustani kubwa, ambako una nafasi ya kutanuka na ndege wake. Hauhitaji hata kitalu: kipande cha tawi kikichomekwa ardhini mvua za Machi zinapoanza, hushika.