Marufuku ya bustani Cape Town, na visima vilivyobaki nje yake

Kukataza watu kumwagilia bustani wakati wa ukame ni uamuzi unaoonekana hauna ubishi. Nani atatetea nyasi mbele ya maji ya kunywa? Ila yaliyotokea Cape Town, Afrika Kusini, baada ya ukame wa 2015 hadi 2017, yanaonyesha kwamba ubishi upo, na haupo pale wengi wanapoutafuta.

Mafanikio ya marufuku hiyo hayapingiki. Mwanzoni mwa 2015 jiji lilitumia zaidi ya lita bilioni moja kwa siku katika miezi ya joto. Miaka mitatu baadaye matumizi yalikuwa yameshuka hadi karibu nusu. Katikati ya 2017 kumwagilia kwa maji ya bomba kulipigwa marufuku, na Februari 2018 kila mtu akapangiwa lita 50 kwa siku: kuoga, kupika, kufua na choo, vyote humo. Siku Sifuri, ambayo mabomba ya majumbani yangefungwa na watu wapange foleni kuchukua lita 25 kila mmoja, ilitangazwa kuwa Aprili, ikasogezwa mara kadhaa, mwishowe haikuja. Ndiyo, mvua za katikati ya mwaka ndizo zilizojaza mabwawa, na wakulima wa eneo la Grabouw walishafungulia jiji maji yao. Lakini bila kubana matumizi majumbani, mvua zingelikuta jiji limekwisha kauka.

Waliolalamika nao walikuwa na lao. Mwenye kitalu cha miche na mtunza bustani wa kibarua waliguswa mfukoni moja kwa moja. Tena mamlaka ikiuza maji machache hupata pesa chache, na mabomba na mitambo bado vinadai matengenezo, kwa hiyo bei hupanda. Mtu anaitikia wito, anaoga kwa kopo, kisha anatozwa zaidi kwa kila lita. Lazima akasirike.

Kinachonikera mimi hasa ni visima. Marufuku ililenga maji ya bomba. Mwenye pesa alichimba kisima, akaweka kibao getini kuwatangazia wapita njia kwamba haya ni maji ya kisima, na nyasi zake zikabaki kijani. Utetezi wake una uzito: kila lita ya kisimani ni lita iliyobaki bwawani. Ila Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya 1998 inaweka maji yote, pamoja na ya chini ya ardhi, katika dhamana ya serikali kwa ajili ya umma, na jiji lenyewe lilikuwa likitafuta maji hayohayo chini ya uwanda wa Cape Flats.

Upande wa pili wa mji, kikomo cha lita 10,500 kwa mwezi kwa kila nyumba kilikadiriwa kwa watu wanne. Kiwanja chenye vibanda vya wapangaji uani, watu kumi kwenye mita moja ya maji, kililazimika kuomba nyongeza. Kwenye jumba la watu wawili kikomo kilekile kilikuwa na nafasi tele. Utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba tabaka la juu na la kati-juu, wasiofika asilimia 14 ya wakazi, walitumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani.

Sisi tunaujua zaidi mgao, kama ule wa Dar es Salaam wa Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua. Mgao hauulizi maji yanakwenda wapi. Mwenye simtanki kubwa anajaza siku ya zamu yake, na akitaka anamwagilia maua; asiye nalo anasaka madumu. Kwa kipimo hicho, marufuku ya bustani ni ya haki zaidi, na ningeichagua. Ila inadai mita kila nyumba, mita kisimani pia, na kikomo kinachohesabu vichwa vya watu badala ya mageti. Mahali ambapo bili bado zinakisiwa, mamlaka haina namna ila kufunga valvu.