Ubongo unapong'aa kwenye PET, tunaona nini hasa?

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, tafiti za magonjwa ya ubongo zimekuwa zikija na picha ya namna moja, inayotoka kwenye PET, mashine inayofuatilia chembe za mionzi zilizodungwa mwilini: ubongo wenye mabaka ya njano na mekundu, na maelezo kwamba pale palipowaka ndipo penye inflamesheni, yaani ndipo kinga ya mwili ilipoamka. Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, imepata picha yake, Parkinson, ule wa kutetemeka, imepata yake, MS, ambamo kinga hushambulia neva za mtu mwenyewe, kadhalika, hata sonona na maumivu sugu ya mgongo. Hoja inayofuata huwa nyepesi mno: moto umeonekana, tuuzime. Mimi hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu kuuona na kujua kama unafaa kuzimwa ni mambo mawili mbalimbali.

Picha nyingi kati ya hizo zinategemea protini moja tu, TSPO, iliyo kwenye utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Kwenye ubongo wenye afya ipo kidogo. Seli za maikroglia, ambazo ndizo askari wa kinga ndani ya ubongo, zikichachamaa, TSPO hupanda. Angalau ndivyo ilivyoonekana kwa panya. Watafiti wakatafuta molekuli inayonata kwenye protini hiyo, PK11195 ikiwa ya mwanzo, wakaipachika kaboni-11 yenye mionzi ili mashine ya PET iifuatilie.

Kazi yenyewe ni ya mbio. Kaboni-11 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20, kwa hiyo saiklotroni inayoitengeneza lazima iwe jirani. Inaandaliwa, inapimwa usafi wake, inakimbizwa chumba cha mashine na kudungwa mkononi, huku mgonjwa akilala kimya bila kutikisa kichwa kwa saa nzima au zaidi. Mara nyingi mrija mwingine huingizwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono ili damu ichotwe tena na tena, maana usipojua ni kiasi gani kilikuwa kinazunguka kwenye damu, huwezi kusema kilichonata ubongoni ni kingi au kidogo. Kwa maneno mengine, yale mabaka mekundu hayakupigwa na kamera. Ni hesabu ndefu iliyopakwa rangi, na hesabu hubeba makosa ya aliyeipanga.

Wanaokitetea kipimo hiki hawabahatishi. Kabla yake, maikroglia zilionekana kwa hadubini tu, tena kwa kawaida mgonjwa akiwa ameshafariki. Mwaka 2000 watafiti wa London walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa MS mwanga ulionekana hata kwenye sehemu ambazo MRI ya kawaida, yaani picha ya sumaku, ilizipitisha kuwa nzima. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Alzheimer, na mabadiliko yakaonekana hata kwa watu ambao ugonjwa wao haujafika mbali. Kwa daktari aliyezoea kusubiri ubongo usinyae ndipo apate cha kuona, hilo si jambo dogo.

Dosari zikaja moja baada ya nyingine. Kwanza ni ya kurithi. Molekuli mpya kama PBR28, zilizobuniwa ili zitoe picha safi kuliko PK11195, ziligundulika kunata vizuri kwa watu wengine na vibaya kwa wengine, kwa sababu ya tofauti ya herufi moja kwenye jeni la TSPO. Kufikia mwaka 2012 chanzo kilikuwa kimejulikana. Wagonjwa wawili wenye hali ileile wanaweza kutoa picha tofauti kabisa, mmoja aking'aa na mwingine akiwa giza, na tofauti isiwe ya ugonjwa hata kidogo. Wasionata vizuri ni wachache sana Asia ya Mashariki, ni wengi zaidi Ulaya, na tofauti hiyo ipo pia kwa watu wenye asili ya Afrika. Siku hizi jeni hupimwa kwanza ndipo mtu alazwe kwenye mashine. Ukikutana na utafiti wa molekuli hizi usiotaja kipimo hicho, uweke pembeni.

Ya pili ni nzito zaidi. Seli za panya zikichokozwa, TSPO inapanda kweli. Za binadamu zikichokozwa vilevile, haipandi. Tafiti za maabara zilianza kulionyesha hilo mwaka 2017, na mwaka 2023 uchunguzi mpana wa tishu za ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, MS na ALS (ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli) ukafika hapohapo: kwa binadamu TSPO inaelekea kutuambia seli ni nyingi kiasi gani mahali fulani, si zimechachamaa kiasi gani. Tena haiko kwenye maikroglia peke yake. Astrositi, seli saidizi za ubongo, wanayo, na kuta za mishipa ya damu zinayo.

Watetezi hujibu kwamba maikroglia kujazana mahali pamoja ni dalili ya ugonjwa pia. Nakubali. Ila kujazana si lazima kuwe kwa shari. Huenda wamekuja kuzoa uchafu na kuziba pengo, na picha haina namna ya kututenganishia wanaojenga na wanaobomoa.

Wasiwasi huu umeshajaribiwa kwa wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua watu waliowahi kuumia vibaya kichwani, ambao PET ilionyesha bado wanang'aa muda mrefu baada ya ajali. Baadhi walipewa minocycline, antibiotiki ambayo pia hutuliza maikroglia, kwa wiki 12. Mwanga ulipungua, kama ilivyotarajiwa. Lakini kwenye damu yao, protini inayovuja pale neva zinapoharibika iliongezeka. Walikuwa wachache, na hilo ni lazima lisemwe. Hata hivyo, ukiangalia PET peke yake ungeandika kwamba dawa imefanya kazi. Kuna kisa kingine. Dawa ya majaribio ya AstraZeneca, AZD3241, ilipunguza mwanga wa PET kwa wagonjwa wa Parkinson, matumaini yakapanda. Baadaye, ikiitwa verdiperstat, ilifikishwa kwenye jaribio kubwa la ugonjwa ulio karibu na Parkinson, unaojulikana kama MSA. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: haikuwasaidia.

Je, picha za inflamesheni hazina maana basi? Hapana, na MS ndiyo ushahidi. Huko kipimo kikuu ni MRI yenye gadolini, dawa inayodungwa mshipani na kupenya ubongoni pale tu ambapo ukuta kati ya damu na ubongo umetoboka. Kidonda kipya hung'aa kwa wiki chache kisha huzima. Dawa ya MS iitwayo ocrelizumab ilipolinganishwa na ya zamani zaidi, interferoni, vidonda vya namna hiyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mashambulizi ya ugonjwa yakapungua karibu nusu. Picha na mgonjwa vilikwenda njia moja, na imekuwa hivyo kwa dawa zaidi ya moja. Heshima ya gadolini imetoka huko, kwenye matokeo ya wagonjwa. Nayo ina upofu wake: haioni vidonda vinavyoungua polepole nyuma ya ukuta uliokwisha kuziba, vile vinavyomnyima mtu miguu mwaka hadi mwaka bila shambulio lolote. Hapo TSPO bado ina kazi ya kufanya, kwa mgonjwa yuleyule anayepimwa leo na kupimwa tena baadaye, kwa sababu jeni lake halibadiliki.

Kwetu sisi, ambako uvimbe na inflamesheni ya ubongo huletwa zaidi na vijidudu kuliko uzee, swali la kuzima au kutozima lina historia ndefu kuliko PET. Deksamethasoni ni dawa moja ya kutuliza kinga. Kwenye homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu ilipunguza vifo, kama jaribio la Vietnam la mwaka 2004 lilivyoonyesha. Kwenye malaria iliyopanda kichwani, jaribio la Thailand la mwaka 1982 lilikuta inarefusha kupoteza fahamu. Na kwenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu kwa wenye VVU, jaribio lililohusisha Uganda na Malawi pamoja na nchi za Asia lilisimamishwa kabla ya wakati: vifo havikupungua, ulemavu uliongezeka. Magonjwa yote matatu yana inflamesheni, na hakuna picha ambayo ingekutabiria lipi litafaidika. Hata Blantyre, Malawi, ambako MRI ilionyesha kwamba watoto 21 kati ya 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo walikuwa na ubongo uliovimba sana, 39 kati ya 143 waliopona walikuwa nao pia.

Nairobi ina saiklotroni na mashine za PET, na foleni yake ni ya wagonjwa wa saratani. Nisingependa foleni hiyo irefushwe kwa ajili ya TSPO. Fedha ikiwepo, ningeipeleka kwenye maabara ya kupima kingamwili, protini za kinga, kwenye maji ya uti wa mgongo. Kuna ensefalitisi, yaani inflamesheni ya ubongo, ile ambayo kingamwili za mtu mwenyewe hulenga vipokezi vya NMDA kwenye seli za ubongo, iliyoelezwa mwaka 2007, ambayo humfanya binti aliyekuwa mzima aanze kuona na kusikia visivyokuwepo, apate degedege na kushindwa kusema. Wengi wao MRI yao inarudi safi kabisa, na familia inaambiwa ni ugonjwa wa akili au inakwenda kwa mganga. Kinachowatambua ni yale maji, na wengi hupona wakitibiwa mapema.