Mama aliuliza kabla ya maabara

Kwetu Ilula, mkoani Iringa, basi likisimama, abiria hajamaliza kufungua dirisha, sado ya nyanya imeshainuliwa mpaka usoni kwake na vitunguu vinafuata. Nimekulia humo. Tangu darasa la tatu napanga nyanya kwenye matenga, ngumu chini, zilizoanza kuiva juu, na zilizopasuka tunazila pale pale kwa chumvi. Mtu wa namna hiyo anapataje mzio wa nyanya?

Basi niliupata Hamburg, Ujerumani. Mwaka wangu wa nne huku, mwezi wa nne, nakula saladi kazini, midomo ikaanza kuwasha na koo likawa kama nimemeza upupu. Kesho yake hivyo hivyo. Mwenzangu akaniambia siku hizi watu hawahangaiki na daktari, agiza kipimo mtandaoni. Nikaagiza. Unajitoboa kidole, unadondoshea damu kwenye kikaratasi, unatia kwenye bahasha. Zaidi ya euro mia moja hizo. Majibu yakaja na rangi za taa za barabarani: nyanya nyekundu, maziwa nyekundu, ngano nyekundu, mayai njano. Miezi miwili nikaishi kwa wali mkavu na kabichi, nimekonda, nimenuna.

Nilichokuja kujua baadaye kinaniudhi mpaka leo. Kipimo kile kilitafuta IgG, aina ya kingamwili (askari wa damu) ambazo mwili hutengeneza kwa vyakula ulivyozoea. Mtoto wa Ilula kukutwa na IgG ya nyanya ni sawa na dereva wa lori kukutwa na vumbi la Tunduma. Jumuiya ya wataalamu wa mzio wa Ulaya, EAACI, ilishasema mwaka 2008 kwamba kipimo cha aina hiyo kisitumike kutafuta mzio wa chakula. Bado kinauzwa, tena kwa punguzo la sikukuu.

Kinachohusika ni kipimo cha IgE, kingamwili za aina nyingine, zile za mzio, nacho si hakimu. Kwa kawaida IgE ya nyanya ikifika 0.35 kU/L maabara huhesabu kuwa mwili umeshaitambua nyanya, ila kuitambua si kuugua. Wapo wenye namba kubwa wanaokula bila shida, na wapo wenye namba ndogo wanaovimba. Yangu ilikuja 1.2, daraja la 2 kati ya 6. Daktari wa mzio aliitupia jicho, akaiweka pembeni, akaanza kuuliza. Mbichi au iliyopikwa? Huanza mwezi gani? Pua nayo vipi?

Hapo nilicheka mwenyewe. Swali la kwanza mama alishaniuliza kwa simu zamani: "Na mchuzi wake je, mwanangu, nao unakuwasha?" Nikamjibu kwa kiburi cha mwenye karatasi ya rangi, "Mama, vipimo vimeshasema."

Mchuzi haukuwahi kuniwasha hata siku moja. Kumbe baridi ikiisha, ile miti ya gome jeupe wanayoiita Birke inamwaga chavua, yaani unga wa maua yake, hewani, na mwili wangu unagombana na chavua hiyo. Ndani ya nyanya mbichi kuna protini inayofanana na ya chavua hiyo. Moto unaiharibu, ndiyo maana nyanya ya kukaanga inapita salama. (Si kila mzio wa nyanya uko hivyo, ipo protini nyingine isiyoogopa moto. Anayevimba ulimi au kubanwa pumzi asifanye majaribio jikoni, akimbizwe hospitali.)

Watanzania wenzangu huku nikiwasimulia wanasema, unaona, nyumbani ungebahatishiwa tu. Nakubali nusu. Nyumbani ukienda duka la dawa unapewa vidonge vya aleji hujamaliza kueleza, na kwetu kila kipele ni aleji. Nilipokuwa likizo nikaulizia IgE, nikaambiwa damu itabidi isafirishwe Dar es Salaam. Hilo ni pengo, sitalipamba. Lakini huku kwenye mashine zote hizi, wa kwanza kunipima alichukua hela na damu bila kuniuliza swali hata moja, na mama aliye kilomita maelfu, asiyejua IgE ni mdudu gani, ndiye aliyekaribia ukweli.

Mdogo wangu wa kike anavuna nyanya za watu kule kule Ilula. Mikono inamwasha, akaniomba hela ya "kupima damu ya nyanya". Nimemwambia hela ipo ila asubiri kidogo. Kwanza aandike siku anazowashwa na siku shamba lilipopigwa dawa, na avae glovu. Anaandika nyuma ya daftari la madeni ya genge. Juzi kanitumia picha: siku tatu za kuwashwa, zote tatu ni kesho yake ya kupiga dawa. Nyanya zenyewe anakula kama kawaida, kwa chumvi.