Husuni Kubwa sio "magofu ya Waarabu" jamani

Hivi nani alitufundisha kwamba kila jengo la mawe la zamani huku pwani basi ni la Waarabu? Juzi kati nilikuwa Kilwa Kisiwani, tumevuka na boti kutoka Masoko, tukapanda mpaka Husuni Kubwa, lile kasri la zamani kule juu, jasho linatutoka, baba mmoja kwenye kundi letu akamwambia mwanae "unaona, Waarabu walikaa hapa". Mtoto akaitikia tu. Roho iliniuma kwa kweli.

Kasri lile ni la mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya 100, na ukoo wake ndio ulijinasibisha na Yemen, hilo silikatai. Ila Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika kabisa kwamba watu wengi wa mji ule ni weusi, wana chale usoni. Hao ndio wenye mji.

Afu ukuta wenyewe unasema. Mi niliusogelea nikaweka kiganja, matumbawe yana vitundu vitundu, katikati chokaa. Tumbawe likitoka baharini bado bichi linachongeka vizuri tu, likikauka linakuwa gumu, na mengine yanachomwa ndo chokaa yenyewe hiyo. Vyumba sasa, virefu lakini vyembamba, kwasababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, huwezi kupanua chumba ukapita hapo, nenda Lamu, nenda Mji Mkongwe Zanzibar, utakuta vyumba vyembamba vilevile, na nyumba ya marehemu bibi yangu ilikuwa hivyohivyo. Ufundi huo ni wa mtu anayeijua bahari yake na mikoko yake. Kama kuna nakshi tulijifunza kwa wageni sawa, ndo biashara ilivyo, dhahabu ya Sofala, bandari ya zamani kule Msumbiji, ilikuwa inapita hapo na sarafu ya huyo al-Hasan imekutwa mpaka Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe!

Nilikaa sana pale kwenye bwawa la kuogea, lile la pembe nane, kavu, majani makavu yamejaa chini, na bahari inasikika. Yule mtoto akaja, nikamwambia gusa ukuta. Akagusa, akaangalia weee, akauliza, "anko, si ndo vile vijiwe tunavyookotaga ufukweni?"

Nikamwambia ndo hivyohivyo baba.